Mpaka Mbayuwayu Wajenge

Kaka yangu Fanueli alikuwa na tabia moja iliyonichosha tangu utotoni: ukimwambia neno, alilichukua jinsi lilivyo, haligeuzi. Mama akimwambia "usirudi bila kuni," basi mvua inyeshe, ukungu ushuke, Fanueli yuko msituni anahangaika, nasi nyumbani tumeshapika kwa kuni za jirani na tumekula. Watu walimsifu. Walisema ni mkweli, ni mtu wa neno lake. Mimi niliyelelewa naye niliona ni maradhi.

Kazi yake ilikuwa kufyatua matofali. Nyumba yake ilipakana na yangu, pale ukingoni mwa mlima upande wa Mtae, ambapo ukisimama nyuma ya jiko siku isiyo na ukungu unaiona nchi yote ya chini, kahawia na tambarare, mpaka Mnazi na ng'ambo yake. Mkewe, Yunis, alitoka huko Mnazi. Fanueli alimwona gulioni akinunua viazi, akaja kuniambia siku ileile kwamba amepata mke, ila mke mwenyewe bado hajaambiwa.

Yunis alikuwa mtu wa joto, kwa mwili na kwa roho. Kipupwe chake cha kwanza huku kwetu alivaa nguo zake zote kwa pamoja, akatia juu yake koti la marehemu baba, akajikunyata karibu na mafiga mpaka pindo la kanga likaungua. Alilia kwa baridi, namaanisha machozi kabisa. Fanueli alikuwa na dawa moja tu ya kumpa. "Vumilia, mke wangu. Ngoja mbayuwayu wajenge."

Maana kila mwaka jozi ya mbayuwayu ilikuja kujenga barazani kwake, chini ya boriti, kiota cha udongo chenye mlango mrefu kama shingo ya kibuyu. Wakianza kujenga, baridi imekwisha. Sijui kama ndivyo ilivyo kwa mlima mzima, lakini barazani kwa Fanueli ilikuwa hivyo, na yeye aliitegemea kuliko kalenda ya kanisani. Yunis akipiga chafya, ngoja wajenge. Akisema vidole vimekufa ganzi, ngoja wajenge. Kuna siku alinijia na bakuli la uji mkononi akasema, "Wifi, huyu mwanamume angeniambia tu amenihurumia, ningeridhika. Mimi ndege wa nini?"

Ndipo ikaja ile miaka ya operesheni, kila mahali vijiji vya ujamaa. Huku kwetu milimani watu walikuwa wamebanana tayari, hatukuhamishwa sana. Tulipewa kazi ya kujenga shule kwa nguvu zetu, na Fanueli ndiye aliyesimamia matofali. Lakini kule chini walipima kijiji kipya, na baba yake Yunis akatuma neno: mashamba yatagawiwa kabla ya mvua za vuli, kila aliyeandikishwa atapata lake, ardhi ni nzuri, njooni. Yunis aliruka kwa furaha. Fanueli akasema yeye ni mtu wa mlimani na huko chini atayeyuka.

Walizungumza hilo wiki nzima, ukuta kwa ukuta na mimi, na sikuhitaji kutega sikio. Kila mmoja alimpenda mwenzake na hakuna aliyetaka kushindwa. Katikati ya maneno hayo Yunis alikuwa na mimba ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza mwanamke huenda kujifungulia kwa mama yake. Kwa hiyo mwezi wa tano, masika yanaisha na baridi inaanza kuuma, akafunga mzigo.

Nilikuwepo asubuhi hiyo, nikimsaidia kukaza kamba. Fanueli alisimama kwenye nguzo ya baraza akikwaruza udongo mikononi, na akauliza swali ambalo kila mume angeuliza.

"Utarudi lini?"

Yunis alimtazama, kisha akatazama juu kwenye boriti, ambako lilibaki duara la udongo wa mwaka uliopita. 

"Hao ndege wako wakijenga," akasema.

Akageuka, akashika njia ya kuteremka. Mimi nilielewa. Jirani yeyote angeelewa. Hata mbuzi aliyefungwa pale, nadhani, alielewa kwamba yule mwanamke alikuwa anamrudishia mumewe neno lake mwenyewe, na kwamba alitaka aitwe jina mara moja tu, akimbiliwe, aambiwe ngoja nije nawe. Fanueli aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amepewa neno, na alilishika.

Mtoto alizaliwa mwezi wa sita. Habari alituletea Darweshi, mfanyabiashara wa Tanga aliyekuwa akipakia viazi na kabichi zetu kwenye lori lake na kuziteremsha gulioni Mnazi. Hakungoja hata kushuka. "Fundi! Binti! Wanamwita Rahabu! Mama yu hai, lakini alipata shida!" Fanueli alikuwa ndani ya shimo la udongo mpaka magotini. Alikaa kitako humohumo shimoni, kwenye matope, akacheka peke yake mpaka wenzake wakamshika mikono kumtoa.

Nikamwambia, "Kaka, kesho shuka ukamwone mwanao."

"Mtoto mchanga hawezi kupandishwa kwenye baridi hii."

"Sijasema umpandishe. Nimesema ushuke."

Akanipa sababu zake, na kila moja ilikuwa na miguu ya kusimama. Kwanza, kwetu mwanamume hakai akibisha hodi kwa wakwe kama mtu anayedai mke. Akifika mara moja bila kuitwa, watasema amemfuata. Pili, mkwewe alikuwa anangoja tu akanyage pale chini amwandikishe shamba. Tatu, na hapo ndipo aliponimaliza nguvu, Yunis mwenyewe amesema wakati wa kurudi. "Amesema ndege wakijenga. Nikienda kabla, nitakuwa nimemlazimisha. Sitaki arudi kwa kulazimishwa, Marta. Nataka arudi kwa kutaka."

Nikamwacha. Nilikuwa na watoto wa kulisha na mume aliyetaka chakula chake kwa wakati.

Tangu hapo kaka yangu akawa mlinzi wa boriti. Asubuhi kabla ya kwenda kwenye matofali alikaa barazani na kikombe cha chai ya rangi, shingo imepinda juu. Jioni vilevile. Arobaini ya mtoto ikapita, mwezi wa nane ukapita. Mwezi wa tisa, ambao kila mwaka huja na jua jipya la kukausha nguo, ulikuja na ukungu uleule wa mwezi wa saba. Maharage yalioza kwenye maganda. Matofali ya shule hayakukauka. Uliyafyatua leo, wiki ijayo yanaacha alama ukiyagusa.

Mbayuwayu walikuja, hilo lazima niseme. Walifika wawili wakakaa kwenye kamba ya nguo, wamebanana bega kwa bega, manyoya yamevimba kwa baridi mpaka shingo hazionekani. Fanueli aliwatazama kwa namna iliyonitia huruma. Wadudu wa kula hawakuwepo, nani arukeruke kwenye ukungu ule? Siku jua lilipochungulia kidogo waliruka hadi kwenye shimo lake la udongo, wakachota vidonge kwa midomo, wakarudi kubandika kwenye boriti. Nilimsikia akiniita kwa sauti niliyoisikia mara ya mwisho akiwa kijana. "Marta! Marta, njoo uone, wameanza!" Nikaenda mbio na unga mikononi. Kweli, mstari mdogo wa udongo ulikuwa umeshika.

Asubuhi yake ulikuwa sakafuni. Udongo ule haukukauka, kama matofali yake yalivyokataa kukauka. Wakajenga tena, ukadondoka tena. Fanueli akaona kosa ni la mchanganyiko. Akakata majani makavu, akayakanyaga na udongo wa mfinyanzi, akauweka karibu na baraza kwenye karai, akauchanganya vizuri kuliko wa shule. Ndege hawakuutaka. Walikaa kwenye kamba wakimtazama, naye amekaa barazani akiwatazama, na mimi nawatazama wote watatu kutoka jikoni kwangu, sijui nicheke au nilie.

Siku moja nilimpelekea bada, ugali wa muhogo, na mboga, nikamkuta amesimama nyuma ya jiko lake. Ukungu ulikuwa umepasuka kidogo na nchi ya chini ilionekana, ina jua tele. "Wao wana joto," akasema. Nilidhani ataongeza neno. Akasema, "Sijui ana uso wa nani." Kisha akala amesimama, na alikula haraka, kama mtu anayetaka kumaliza ili asiendelee kuzungumza. Niliumia sana kwa ajili yake. Pia nilitaka kumpiga na sufuria.

Kuelekea mwisho wa mwezi wa kumi Darweshi alikuja na habari kwamba wiki ifuatayo wanagawa mashamba Mnazi.  Kesho yake nilisikia kitu kinagongagonga ukuta, nikatoka, nikamkuta juu ya ngazi barazani, karai la udongo limening'inia kwenye msumari. Alikuwa anafinyanga vidonge vidogo kama punje za maharage, kimoja kimoja, anavibandika chini ya boriti. Kila safu alikuwa anaipepea kwa kofia na kuipasha joto kwa kijinga cha moto ishike. Tumbo la kiota lilikuwa limekwisha. Sasa alikuwa kwenye shingo.

"Kaka," nikamwambia, "umeanza kutaga tangu lini?"

Hakucheka. "Nishikie ngazi."

"Unajua unachokifanya ni uongo?"

"Najua." Hajawahi kusema uongo mbele yangu, mtu yule, tangu tukiwa watoto.  "Wataona kiko tayari, labda wataingia. Wakiingia si uongo tena."

Nilimshikia ngazi. Lazima niseme kilikuwa kiota kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona pale, kimenyooka, kimesawazishwa. Mbayuwayu walikuja mchana wakakikagua kama mabwana afya wanavyokagua choo, wakachungulia mlangoni, wakaondoka zao. Lakini Darweshi alipokuwa anawasha lori, Fanueli alimkimbilia mpaka dirishani. "Mwambie Yunis wamejenga." Kisha akarudi akaketi barazani, uso chini, hawezi kunitazama.

Darweshi aliporudi nilimuuliza mimi, maana kaka aliogopa kuuliza. "Nilimwambia," akasema. "Alicheka, baadaye akalia, baadaye akaniuliza kama fundi ni mzima. Nikamwambia mzima wa mwili."

Yunis alipanda siku ya tatu kabla ya kugawa mashamba. Alikuja kwa miguu na wanawake wa gulio, akaachana nao njia panda. Ulikuwa mchana wa ukungu na manyunyu, baridi ya kukata masikio. Nilimwona anatokea, mtoto mgongoni amefunikwa blanketi mbili, na nikajua kabla hajafungua mdomo kwamba ameshajua. Mtu yeyote aliyeishi kwetu angejua: kwa baridi ile ndege hawajengi.

Tukaamkiana, tukakumbatiana. Fanueli alitoka ndani, akasimama mlangoni. Alikuwa ameosha mikono hata kucha zilikuwa nyeupe. Hakuna aliyemsogelea mwenzake. Yunis alitua mzigo, akainua macho kwenye boriti, akatazama kiota kwa muda mrefu. Halafu akatazama sakafuni chini yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeifagia baraza ile, na hapakuwa na chochote.

"Ndege gani hawa wasiokunya?" akauliza.

Fanueli alificha mikono nyuma.

Yunis akapanda kwenye benchi, akapitisha kidole kwenye safu za udongo. Kila kidonge kilikuwa na alama ya dole gumba. Niliona bega lake linatikisika, nikadhani anacheka, na alikuwa anacheka, ila machozi yalikuwa yanashuka pamoja na kicheko.

"Umepanda ngazi siku ngapi kutengeneza hiki?"

"Siku mbili," akasema kaka yangu.

"Na Mnazi ni mwendo wa siku moja. Kuteremka tu." Akashuka kwenye benchi. Sauti yake haikuwa kubwa. "Fanueli, mimi sikungoja ndege. Ndege niliwataja kwa hasira, kwa sababu kila nilipolia ulinitajia ndege. Nilisema, huyu hatamaliza wiki, atanifuata. Kila siku nilikaa nyuma ya nyumba ya mama nikautazama mlima huu. Nikiona mtu anateremka kwenye ile njia nyekundu nasema ndiye. Uchungu ulinishika siku mbili, nilikuita mpaka mama akanifunika mdomo kwa aibu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa," akasema. "Nilikuwa nangoja. Ulisema..."

"Najua nilichosema."

Nilitaka kuondoka, nikashindwa.  Fanueli alikuwa amekuwa mdogo pale mlangoni, mwanamume yule mrefu, na nilijua kwa nini: maneno yote aliyowahi kuyashika maishani yalimpa sifa, na hili moja lilikuwa limemgharimu kuzaliwa kwa mtoto wake.

"Sikuja kukaa," Yunis akasema. "Wiki hii wanagawa. Nimekuja kukuuliza ana kwa ana, maana kutumiana salamu kwa lori nimechoka. Nikiandikwa na wewe, tutaishi. Nikiandikwa peke yangu, nitaishi peke yangu, na sitapanda tena mlima huu. Sitaki jibu la baadaye. Na usinitajie ndege."

Akamfungua mtoto mgongoni, akamnyoosha mbele yake. "Huyu ni Rahabu."

Fanueli alimpokea kwa mikono yote miwili, jinsi anavyopokea tofali bichi. Mtoto alikuwa na zaidi ya miezi minne, mnene, macho ya kujua watu. Alimtazama yule mwanamume mwenye ndevu na harufu ya moshi, akapanua mdomo, akapiga ukelele ambao nadhani walimsikia Mtae. Alijirusha kuelekea kwa mama yake. Kaka yangu hakumwachia. Alimshika tu, amelowa machozi, akisema, "Ndiyo. Ndiyo, mama. Una haki." Ana uso wa mama yetu, yule mtoto, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kulisema.

Asubuhi balozi wa nyumba kumi alipita kuuliza kuhusu matofali ya shule. Fanueli akamwambia vijana wanajua kazi, wayafunike nyasi yakauke polepole, wasiyachome kabla ya jua. Balozi akafoka kidogo, akaondoka. Kisha kaka akaja kwangu na kanga ya Yunis mkononi. "Nifunge," akasema. Sikuelewa. Akageuka, akainama, Yunis akamweka mtoto mgongoni mwake, ndipo nikaelewa. Mwanamume kwetu, miaka ile, kubeba mtoto mgongoni kwa kanga! Nilimfunga. Nilikaza fundo kifuani kwake kama ninavyowakazia wanangu, na nilichelewesha vidole pale makusudi.

Yunis alijitwika mzigo. Tulipita kwenye uwanja wa matofali, na wanaume wote wakasimama na majembe yao. Mmoja akapaza sauti, "Fundi, umekuwa yaya?"

"Ndiyo," akajibu Fanueli, wala hakupunguza mwendo.

Mtoto alilia njia nzima. Pale ukingoni, njia inapovunjika na kuanza kuteremka, Yunis alinyoosha mikono. "Lete nimnyonyeshe, anakuchosha. Na kuna utelezi."

"Sasa hivi amenyonya. Niache naye," akasema. "Hajanizoea. Mwache alie mpaka anizoee."

Aliniaga kwa mkono mmoja, mwingine uko nyuma umeshika mtoto. Nilitaka kumwambia kaka yangu maneno mengi na nikamwambia aangalie miguu. Wakaingia kwenye ukungu, yeye mbele, mkewe nyuma. Sikuweza kuwaona tena, ila nilimsikia Rahabu analia, chini, chini zaidi, kona baada ya kona. Nilisimama pale nikilia na mimi, bila aibu, maana sikuwa na kaka mwingine na nilijua harudi. Nilimsikiliza mtoto mpaka akanyamaza, na mpaka leo sijui kama ni umbali au alikuwa amemzoea.